Shuka Singida

Basi litokalo Dar es Salaam kwenda Mwanza likishaiacha Manyoni na kuipita Ikungi, abiria wengi huwa wamelala. Jua limeshapinda, pazia la dirishani limefungwa fundo, mtoto kajinyoosha mapajani mwa mama yake na simu ya mtu fulani viti vya nyuma inaita bila kupokewa. Hapo ndipo yanapoanza mawe. Mawe makubwa kama nyumba, ya mviringo, ya kijivu chenye wekundu kidogo, yamepandana moja juu ya jingine kama mafungu ya viazi sokoni. Kuna lililokaa juu ya mwenzake kwa ncha tu, kiasi kwamba aliye macho hujikuta ameshika kiti cha mbele. Linaonekana litaanguka leo, kabla basi halijapita. Halianguki. Babu wa babu yake dereva hajazaliwa, lilikuwa limekaa hivyo hivyo likitishia.

Kwa wasafiri wa barabara hii, Singida ni kipimo. Mtu akipigiwa simu kuulizwa amefika wapi, hujibu kwamba ndiyo wanaingia Singida, na wa upande wa pili huanza kuhesabu saa zilizobaki. Kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 700, na hadi Mwanza zimebaki zaidi ya 400. Stendi basi husimama dakika chache. Mabeseni huinuliwa hadi usawa wa dirisha yakiwa na mayai ya kuchemsha, karanga, asali iliyotiwa kwenye chupa za maji. Kando ya barabara madumu ya mafuta ya alizeti yamepangwa mstari, na jua likipenya ndani yake huwaka kama taa. Abiria hununua, hulipa kupitia dirishani, safari inaendelea. Wako watu waliofika Singida mara ishirini maishani mwao ambao hawajawahi kuikanyaga ardhi yake, isipokuwa pale basi liliposimama watu wachimbe dawa.

Wakati wanachimba dawa, jiwe linawatazama. Wanajiolojia husema ni graniti, iliyoganda kutoka uji wa moto chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, sehemu ya mwamba mkongwe ulioishika nchi yote ya kati ya Tanzania. Halikuletwa na jitu wala halikuviringishwa na gharika. Mwamba ulipasuka ungali umefunikwa na udongo. Maji yakapenya kwenye nyufa, yakaanza kula pembe, kwa sababu pembe hushambuliwa kutoka pande zote kwa mpigo. Kilichobaki kikawa mviringo. Kisha mvua za miaka isiyohesabika zikaukokota udongo kidogo kidogo hadi mawe yakabaki uchi juani. Kwa hiyo anayesema jiwe hili limewekwa juu ya lile amekosea. Yote mawili yalikuwa humo humo tangu mwanzo. Kilichoondoka ni kilichokuwa katikati yao.

Historia ya Singida nayo imekaa hivyo. Mambo machache makubwa yamesimama juani, yamepandana kwa namna ya kustaajabisha, na udongo uliokuwa ukiyaunganisha umekwenda na maji. Mgeni akitaka kuelewa imempasa ashuke, atembee, akae kivulini, aulize.

Akielekea kaskazini, hadi Mkalama katika nchi ya Wanyisanzu, atakuta mawe yaliyochorwa. Mwanaakiolojia Fidelis Masao alichimba huko, kwenye miamba ya Kwa Mwango na ya Kirumi Isumbirira, na kitabu chake cha 1979 kiliiweka michoro ya Singida na Iramba bega kwa bega na ile ya Kondoa. Kuna wanyama na watu kwa rangi nyekundu ya wawindaji wa zamani, na kwingine katika nchi ya kati rangi nyeupe, nzito, iliyopakwa kwa vidole na watu wa karibuni zaidi. Kondoa iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, ikapata kibao na mlinzi. Ndugu zake wa upande wa pili wa mpaka wa mkoa hawakupata. Mbuzi hujikinga jua chini ya michoro yao, na mtoto anayechunga akiulizwa ataonyesha kwa fimbo, bila kuona ajabu, mahali alipo twiga au mtu mwenye kichwa kirefu. Kuna kitu kizuri katika kutazama mchoro wa maelfu ya miaka pasipo kamba wala geti, na kuna hofu pia, kwa kuwa mkono uwezao kuonyesha kwa fimbo unaweza vilevile kuandika jina lake kwa mkaa.

Huko huko Kirumi, jiwe lilikuwa na kazi nyingine. Ukoo wa Anyampanda ulitoa watawala wa Wanyisanzu, na kazi kubwa ya mtawala ilikuwa kuleta mvua. Mwanaanthropolojia Todd Sanders, aliyeishi nao miaka ya 1990, ameeleza kwamba utawala ule ulihitaji wawili, mwanamume na mwanamke, kila mmoja na nafasi yake, na kwamba miongoni mwa vifaa vyao vilikuwamo mawe ya mvua, ya kiume na ya kike. Serikali ilifuta utawala wa machifu mwaka 1963. Mvua haikupata taarifa. Dalili ya mvua ni mawingu, husema watu wa pwani, ambako wingu likija halina sababu ya kudanganya. Singida wingu huja, likajikunja juu ya mlima, watu wakatoka nje na majembe, kisha likaenda zake kunyesha kwa wengine. Msimu ni mmoja tu kwa mwaka, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na ukikosewa hakuna wa pili wa kukimbilia. Anayelima mtama na uwele katika hali hiyo hashangai sana kwamba mvua iliwahi kuhitaji mume na mke waelewane nayo. Hakuna kinachozaliwa na mmoja.

Jiwe limepokea wageni wengi. Januari 1875 alipita mpelelezi Henry Morton Stanley, akitokea Ugogo na kuelekea Ziwa Victoria kwa njia ambayo misafara haikuizoea. Njaa na magonjwa viliwafuata. Edward Pocock, kijana wa Kiingereza aliyekuwa msaidizi wake, alikufa humo humo njiani akazikwa chini ya mti. Kaif Halleck, mpagazi aliyewahi kubeba barua za Livingstone, aliachwa nyuma kidogo na msafara akauawa. Walipofika Vinyata, katika nchi ya Wanyaturu, ugomvi ukazuka na vita ikaendelea siku kadhaa. Baadhi ya watu wa msafara wakauawa, vijiji vikachomwa moto. Stanley aliyaandika yote hayo katika kitabu chake cha 1878, kwa kirefu na kwa sauti ya mtu aliyeonewa. Upande wa waliokuwa nyumbani kwao, waliowaona watu mamia wenye bunduki wakishuka mlimani bila kualikwa, haukupata kitabu. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka ule mwenyeji hakupona, na mgeni naye aliondoka na majeruhi.

Baada yake walikuja waliokusudia kukaa. Wajerumani walijenga boma Kilimatinde, ukingoni kabisa mwa Bonde la Ufa, mahali ambapo mtu akisimama asubuhi huona tambarare ya Bahi ikienea chini kama mkeka uliotandikwa kwa ajili ya watu wasiofika. Ilikuwa ngome muhimu, njia ya misafara ikipita mlangoni. Kisha ikaja reli. Ilipanda ukingo kupitia Saranda, ikaenda Manyoni na Itigi, mwaka 1912 ikafika Tabora, na Kilimatinde ikaachwa juu na upepo wake. Boma jingine liko Mkalama. Maboma haya huwashangaza wageni kwa unyonge wao: kuta nene, madirisha madogo, na kimya. Waliojenga walidhani wanajengea miaka mia. Walikaa kidogo kuliko mwarobaini unavyohitaji kuzeeka.

Reli yenyewe ina visa. Juu yake yalipita makasha kama 5,000 yaliyobeba meli nzima, Graf von Goetzen, iliyoundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa hadi Kigoma kuungwa upya. Ndiyo Liemba ya leo. Kwa hiyo meli iliyokaa Ziwa Tanganyika zaidi ya miaka mia iliwahi kupita Manyoni, nchi isiyo na maji, ikiwa ndani ya masanduku. Hata meli, basi, ilipita Singida bila kushuka.

Na kuna dhahabu. Barabara ya kwenda Nzega ikitoka kwenye uwanda wa Iramba hushuka mlima Sekenke, mteremko unaojulikana na kila dereva wa lori, hadi Shelui na mbuga nyeusi ya Wembere ambayo masika huwa matope na kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mguu. Hapo Sekenke ulikuwapo mgodi wa dhahabu wa zama za Mjerumani. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipowakatia Wajerumani njia ya baharini na fedha kuwaadimikia, dhahabu ya Sekenke ilipelekwa Tabora, na mwaka 1916 katika karakana ya reli zikapigwa sarafu za rupia 15, zenye tembo aliyeinua mkonga na mlima nyuma yake. Zilitoka kama 16,000. Leo wakusanyaji wa Ulaya na Marekani huzigombania minadani kwa bei ambayo moja tu ingetosha kuchimba kisima kijijini. Tembo yule ni mzuri kweli, hakuna haja ya kumsingizia. Ila mtu akimtazama akiwa amesimama pale Shelui, vumbi la malori likimjia usoni, huwaza ni vitu vingapi vya nchi hii vimekaa ndani ya droo za watu walioko mbali, vikiwa vimefungwa kwenye pamba.

Aliyebaki nyumbani ni Liti. Jina lake sasa liko juu ya uwanja wa mpira wa mjini Singida, uliokuwa ukiitwa Namfua, na mashabiki wa mpira hulitamka, wengine bila kujua ni la nani. Liti Kidanka, kwa masimulizi ya Wanyaturu, alikuwa mwanamke aliyewapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na silaha yake ilikuwa nyuki. Askari walipokuja na bunduki, aliwafungulia nyuki. Masimulizi yanatofautiana kuhusu namna alivyofanya, kama ilivyo kwa masimulizi yote yaliyopita midomo mingi, lakini nyuki hawakosekani kwa msimulizi yeyote. Na mtu aliyewahi kukurupushwa na kundi la nyuki wa Singida juani hatahitaji ushahidi zaidi. Bunduki ina haja ya kulengwa, nyuki hujilenga mwenyewe.

Nyuki ndio jirani wa jiwe. Hukaa kwenye nyufa zake, kwenye mibuyu, na zaidi ya yote katika vichaka vya Itigi, aina ya msitu mfupi uliosongamana ambao duniani hupatikana hapa na tena kule mpakani mwa Zambia karibu na Ziwa Mweru Wantipa. Ni kichaka kisichompitisha mtu wima. Wakati wa ukame hukauka hadi rangi ya majivu, kana kwamba kimekufa. Mvua mbili tatu zikinyesha hulipuka majani na maua, na mizinga iliyotundikwa mitini huanza kunguruma. Asali ya Manyoni na Itigi hutoka humo. Upande wa pili wa mkoa, kuelekea Ziwa Eyasi, wako Wahadzabe, watu kati ya 1,000 na 1,500 tu, na lugha yao yenye vidokoa isiyofanana na nyingine yoyote. Wao humpigia mluzi ndege mlembe, naye huwatangulia mti hadi mti hadi kwenye mzinga wa asili. Wakishachukua asali, yeye hupata nta. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba mlembe wa nchi ya Wahadzabe huitikia zaidi mluzi wao kuliko mlio wanaoutumia Wayao wa Msumbiji kwa kazi hiyo hiyo. Ndege naye ana lugha ya nyumbani. Fuata nyuki ule asali ni methali inayoning'inia kwenye kuta za madarasa mengi, lakini huko Munguli, kijiji cha Wahadzabe wilayani Mkalama, ni ratiba ya siku.

Mji wa Singida wenyewe umekaa katikati ya maziwa mawili, Singidani na Kindai, yote ya chumvi, yote yasiyo na mto wa kuyatoa maji. Kinachoingia hakitoki ila kwa jua. Mwaka wa mvua nzuri maji hupanda hadi kuzigusa bustani. Mwaka mbaya hurudi nyuma na kuacha ukingo mweupe unaochoma macho. Heroe, ambao wengi huwaita flamingo, hutua hapo kwa mafungu, na mwari nao. Jioni upepo hushika. Upepo wa Singida ni wa kusifika. Zaidi ya miaka kumi sasa umekuwa ukitajwa katika mipango ya umeme, na huku mipango ikitajwa umeendelea kuvuma bure, ukigeuza kanga za wanawake kuwa matanga. Aliyekaa juu ya jiwe ukingoni mwa ziwa saa hiyo huona mawe yakibadilika rangi, kijivu kuwa nyekundu, nyekundu kuwa zambarau, na wavulana wakiteleza juu ya mgongo wa jabali ambao makalio ya watoto wengi yameshaulainisha.

Mwamba tambarare wa kijijini ni uwanja, ni sakafu, ni sinia. Mavuno yakifika, alizeti hupigwa na mtama huanikwa juu yake. Asubuhi jiwe ni baridi, mchana linachoma, usiku bado limeshika joto na wazee hulitafuta. Kwingine paa la tembe hufanya kazi hiyo hiyo. Tembe ni nyumba fupi, ya miti na udongo, na paa lake bapa la udongo pia, iliyoinama kwa adabu ili upepo upite juu. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu wengi kutoka makazi yao yaliyotawanyika na kuwapanga kwenye mistari, na baadaye bati likaja kumalizia. Bati lina heshima yake, halivuji. Lakini mchana wa Oktoba chini ya bati la Singida si jambo la kumtakia adui. Aliyewahi kuketi ndani ya tembe saa nane ya mchana, akanywa uji wa uwele wakati nje hewa inatetema, atakuwa na neno la kuwaambia mafundi wa siku hizi.

Na kuku. Singida na kuku wa kienyeji ni kama Zanzibar na karafuu. Malori na mabasi hubeba matenga yao hadi Dar es Salaam, nao wakichungulia nje kwa hasira. Msemo wa kale unasema mgeni ni kuku mweupe, maana hajifichi, kila mtu anamwona. Mgeni anayeshuka kijijini Iramba au Unyaturu huuhisi msemo huo mgongoni: watoto wanamfuata, mama mmoja anauliza anatokea kwa nani, mzee anamsogezea kigoda. Kisha kuku wa kweli, mwenye bahati mbaya, anakimbizwa kuzunguka nyumba. Ugali wa mtama unakuja, mweusi kidogo, mlenda unavutika kama uzi, na hakuna anayemwuliza atakaa siku ngapi mpaka amenawa mikono. Mvuto wa nchi hii uko hapo zaidi kuliko kwenye boma au sarafu. Stanley alipita na watu mamia, asiufikie. Anayekuja peke yake na mkoba mmoja huufikia siku ya kwanza.

Asubuhi inayofuata, akiamka mapema, atasikia mlio: kong, kong, kong. Atadhani ni ndege. Ni nyundo. Ng'ambo ya barabara wanawake wamekaa chini ya vivuli vya magunia, kila mmoja na lundo lake, wakipasua jiwe kuwa kokoto. Nchi inajenga, barabara, madarasa, stendi, na reli mpya ya kisasa inayotoka Makutupora kwenda Tabora kupitia Manyoni na Itigi, vyote vinakula mawe. Bandu bandu huisha gogo. Jabali lililokaa miaka bilioni linaweza kwisha kabla mtoto wa mpasuaji hajamaliza shule, na ada ya shule hiyo ndiyo inayotoka humo. Mgeni mwenye kamera huona uharibifu. Mwenye nyundo huona daftari na sare. Kuwaambia waache ni rahisi kwa anayelala katika hoteli ambayo msingi wake umejaa kokoto hiyo hiyo. Lililo bora ni kwamba mawe yaliyochorwa, na yale yenye majina ya watu wa kale, yaandikwe na kutengwa sasa, kijiji kwa kijiji, kabla nyundo haijayafikia kwa kutojua. Wenyeji wanayajua. Hawajaulizwa tu.

Basi la kwenda Mwanza hupita Singida kila siku. Anayetaka kushuka amwambie kondakta mapema, wakiwa bado Manyoni, maana wakishafika Ikungi na kondakta naye huwa amelala.